Ukucha wa Kidole cha Mwisho

Shusha hiyo ngumi, mpwa wangu! Hapa Versailles, kwenye kasri la mfalme wa Ufaransa, mlangoni kwake mtu habishi hodi. Tunakwaruza. Tena kwa ukucha wa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Huu wangu naufuga tangu 1682, Louis wa 14 alipohamia hapa na serikali yake yote, na sasa ni mwaka wa tano. Babu yako alikuwa na ngome na mizinga. Mimi nina ukucha.

Usicheke. Ngome unajua iliendaje: mwaka 1626 Richelieu, waziri mkuu wa mfalme aliyetangulia, alitaka ngome zote zisizo mpakani zibomolewe. Mzee hakukoma. 1648 uasi ukaanza, naye akiwamo, huyu mfalme akiwa mtoto wa miaka tisa, na 1651 watu wa Paris wakaingia mpaka chumbani kwake kuhakikisha hajatoroshwa. Mtoto wa watu akajifanya kalala. Mimi kila nikiumwa mgongo nasema ni usiku ule ule unatulipiza, maana siku hizi mfalme ndiye anayehakikisha sisi tuko wapi. Akipita ukumbini macho yanahesabu vichwa. Ukiwa huna kichwa hapo, ndugu zako wakikuombea cheo anajibu tu: huyo mtu simwoni.

Basi naonekana. Nalala darini, chumba hakina hata meko, na fundi wa nywele za bandia ananidai mpaka nimejifunza kupita ngazi za nyuma. Saa mbili asubuhi niko kwenye foleni nikamtazame mtu mzima akivishwa shati. Usiku narudi nikamtazame akivuliwa. Hapo ndipo penyewe: anataja jina moja, na aliyetajwa anashika kinara cha mshumaa mpaka bwana mkubwa apande kitandani. Chumba chenyewe kimejaa taa! Jana katajwa jirani yangu, leo hasalimii.

Mwaka jana mfalme kapasuliwa makalioni, kwa kidonda kinachoitwa fistula. Wallahi, mabwana wazima, hawaumwi chochote, walikwenda kwa wapasuaji wakiomba na wao wapasuliwe. Nami nililifikiria, sikufichi.

Huko kwetu Auvergne nani anatawala? Shangazi yako kaandika: intendanti. Kijana wa ukoo wa mahakimu, katumwa na mfalme, kashika kodi, kashika kesi, na askari wakipita wanalishwa kwa amri yake. Zamani ofisi ilinunuliwa, unamrithisha mwanao, nani akuguse? Huyu hajanunua kitu. Mfalme akimchoka anamwita kesho, ndiyo maana anachapa kazi kama punda. Wakulima wangu wakigombania mpaka wa shamba hawanitafuti tena. Nilimlalamikia mfalme mwenyewe, nikiinama mpaka magoti yakalia. Akasema, "Nitaona." Hiyo ilikuwa kabla ya Kwaresima ya mwaka juzi.

Na chini ya barua shangazi yako kaongeza: nyumbani mishumaa imekwisha.

Nirudi? Nirudi vipi, usiku huu? Na kama leo ndiyo zamu yangu ya kinara? Shh, mlango huo unafunguka. Simama wima. Na huo upanga uliokodi getini ugeuze, kutu iko upande wa nje.