Jamani, nilikuwa nafukuza jiwe

Kabla hamjaiamini ile sauti ya dakika 4 inayozunguka kwenye kundi la mtaa, nisikilizeni na mimi mwenyewe. Sikulia. Sikumwita mama yangu. Na habari kwamba nilifungwa kamba nikapelekwa Sosame, hospitali ya wagonjwa wa akili, ni uongo wa yaya mmoja (huku kwetu yaya ni kaka mkubwa), fundi wa matairi. Huyo nitamrudia, maana bila yeye leo ningekuwa kazini, sio hapa najitetea.

Kisu nilikuwa nacho. Hilo sikatai.

Wanaopita mteremko wa juu ya soko la Kadutu, hapa Bukavu, wanaijua mashine yangu: fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu, mnyororo unaokwenda kwenye ekseli ya milimita 12, na kwenye ekseli jiwe la kunolea lenye upana wa sentimita 25, chini yake karai la maji. Napiga pedali, jiwe linazunguka polepole, mara 90 hivi kwa dakika, linapanda na maji yake, kisu kinanoleka kikiwa baridi. Umeme ukatike, usikatike, mimi naendelea. Upande wa pili wa ekseli kuna gurudumu dogo la ngozi la kumalizia. Mnyororo wenyewe haujui kuteleza: ukirudisha pedali nyuma, kila kitu kinarudi nyuma. Hilo mlikumbuke.

Kwenye kibao nimeandika HAPA KISU HAKIUNGUI. Ni kijembe kwa wenzangu wa mashine kavu. Kwao cheche zinaruka, watoto wanashangilia, ukingo wa kisu unageuka bluu. Ile bluu siyo pambo, ndugu zangu. Chuma kimepata joto la nyuzi kama 300, ugumu umekwenda zake, na kisu chako kitakata nyanya siku mbili kisha kiwe kijiko. Haya yote nimeyahubiri pale barabarani mpaka mama wauza mkaa wanayajua kwa moyo.

Lakini mhubiri naye ana nyumbani kwake.

Jiwe la maji lina masharti. Ukimaliza kazi, mwaga maji, futa tope, jiwe likauke hewani. Ekseli uipake grisi isishike kutu. Mteja akiniuliza namwimbia hayo nikiwa nimefumba macho. Sasa mimi mwenyewe? Bomba letu lilikuwa na siku 5 halijakohoa hata mara moja. Maji ya karai nilikuwa nimeyanunua, bidoni ya lita 20, na kijana nimemlipa aipandishe mlima. Niyamwage? Nikayaacha palepale, jiwe ndani, nikasema kesho nitayatumia tena. Usiku simu ikalia, kuna kilio Uvira. Nikashuka, nikakaa siku 9.

Niliporudi, jiwe lilikuwa limekunywa upande mmoja. Chini zito na laini, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Juu kavu kabisa, lina kiu. Ukilizungusha linaruka kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Tope la chuma limekuwa saruji. Na jiwe limeoana na ekseli kwa kutu, nikalitoa kwa nyundo na kipande cha mti, nikiomba msamaha kila pigo. Dawa yake naijua: uliache siku kadhaa likauke lote, halafu ulisawazishe mpaka liwe mviringo tena. Lakini ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi watu wana harusi. Nikasugua kutu, nikapaka grisi nyingi (nyingi sana, kwa majuto), nikarudisha jiwe, nikaingiza nati kwa vidole, nikanyoosha mkono kuchukua spana, ufunguo wa 19.

Ufunguo haupo. Yaya wa matairi ameuazima. "Dakika 5 tu, mdogo wangu." Dakika 5 hizo zilikuwa za Jumatano.

Basi nati ikabaki imekazwa kwa vidole viwili, juu ya grisi. Nikajisemea akirudi nitaikaza.

Asubuhi ya Jumamosi akaja mzee wa bucha. Mnamjua kwa buti zake nyeupe, jina lake nalihifadhi. Visu 7 ndani ya gunia, vimetoka moja kwa moja machinjioni, hata kuoshwa havijaoshwa. Huyu mzee miaka yote ananoa kwenye mashine kavu na maji hayaamini.

"Mwanangu," akasema, "kisu njo kinafuliwa sasa?"

"Papa, kaa hapa uone."

Nikachukua kile kikubwa, cha kupasulia. Maji ya karai yakageuka rangi ya waridi, yakanirukia kwenye aproni maana jiwe lilikuwa linachechemea. Sikujali. Ukipiga pedali mbele, kisu kinalivuta jiwe nyuma, na jiwe linaikaza nati lenyewe. Ndiyo maana kwa nusu saa nzima hakukuwa na tatizo. Nikanoa, nikajaribu kwenye nywele za mkono, zikadondoka. Watu wakaanza kusimama. Mzee amekunja mikono, hasemi kitu.

Ikabaki ngozi. Kwenye ngozi kisu lazima kiende pamoja na mzunguko. Kikiukabili, kinaichana. Mtu mwenye akili anashuka na kuhamia upande wa pili wa mashine. Lakini mimi nilikuwa na watazamaji kama 12, na mzee hajacheka bado. Nikatangaza kwa sauti, "Sasa angalieni," nikaanza kupiga pedali kinyumenyume.

Hapa twende polepole, maana ndipo yule ndugu wa sauti anapodanganya.

Nilihisi miguu imekuwa myepesi. Nikafikiri ni nguvu za asubuhi. Nikaongeza mwendo. Kumbe nati ilikuwa inatoka, mzunguko mmoja, mzunguko mwingine, taratibu, kama mtu anayetoka kanisani wakati wa sadaka. Ikafika mwisho wa ekseli. Ikaning'inia. Ikaanguka: *ting*. Mtoto mmoja akasema, "Papa, kitu imeanguka," nikamwambia anyamaze, nafanya kazi.

Kisha jiwe likatembea. Likateleza kwenye grisi yangu mwenyewe, likatoka kwenye ekseli, likagonga ukingo wa karai, likamwaga yale maji ya waridi yote kifuani kwangu, likashuka juu ya gunia la visu. Halikuanguka. Likasimama wima. Nawaapia, likasimama kama sekunde moja hivi, likiyumba, linatafuta njia. Halafu likapita katikati ya buti nyeupe za mzee, likavuka ukingo wa barabara, na mteremko ukalichukua.

Nyinyi wa miji tambarare hamwezi kuelewa. Bukavu kitu cha mviringo hakirudi.

Nikaruka kutoka kwenye kiti. Kisu cha kupasulia mkononi, sikukumbuka kukiweka. Aproni imelowa maji ya damu. Nikashika njia, nikipiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mukamate! Mukamate!"

Mwalimu wangu wa shule ya msingi alitutandika sana kwa ajili ya ngeli. Jiwe, mawe. Li, ya. Kama ningemheshimu siku ile, ningesema "Likamateni", na mtaa mzima ungejua kwamba kinachotafutwa ni kitu, sio mtu. Lakini sisi huku ngeli tumezitupa ziwani zamani. "Mukamate" ikasikika kama inavyosikika kila siku hapa Kadutu.

"Muizi!" mtu akaitikia chini.

"Iko wapi?"

Mbele yangu alikuwepo kijana wa suti ya kahawia. Aligeuka, akaona mtu mwenye damu na kisu anakuja mbio, akafanya ambacho hata wewe ungefanya: akakimbia. Basi muizi akawa amepatikana. Vijana wanne wakamrukia. Nyuma yao, jiwe langu likapita taratibu kabisa, bila kuguswa na mtu.

"Miye ni wa korali! Miye ni wa korali!" kijana analia. (Korali ni kwaya. Na analia yeye. Sio mimi. Sauti ile imetuchanganya.)

Mmoja akauliza ameiba nini. Wote wakanigeukia. Nimesimama nahema, kisu juu.

"Si yeye," nikasema.

"Sasa unafukuza nani?"

Kuna maswali ambayo ukweli wake hausaidii. Nikatafuta neno jingine, sikulipata.

"Nafukuza jiwe."

Kimya. Ule wa kweli, mpaka redio ya mtu nikaisikia.

"Jiwe?"

"Jiwe langu. Limepita hapa."

Wakaangalia kisu, wakaangalia aproni, wakaangaliana. Kijana wa korali akaachiwa, akafutwa vumbi. Mama mmoja akasema kwa huruma ambayo itaniuma mpaka nizeeke, "Mumwachie, masikini. Mumupeleke Sosame." Mwingine akaninyang'anya kisu polepole, huku akinisemesha kama mtoto anayetolewa kiberiti mkononi.

Nikadhani nikilipata jiwe nitaeleweka. Nikalipata. Hatua 30 chini, kwenye kibanda cha mama wa mawese. Lilikuwa limeingia kwenye beseni lake la mafuta na kutulia humo, ule upande mkavu ndio uko ndani. Ule wenye kiu. Lilikuwa linakunywa, jamani, mapovu yanatoka.

Nikalitoa, rangi ya chungwa hadi katikati. Sasa, jiwe la kunolea likianguka, kabla hujalirudisha kazini unalipima kama lina ufa. Unalining'iniza kwa tundu lake, unaligonga kwa mti, unasikiliza. Zima linalia kama kengele, lenye ufa linasema *tup*. Ni sheria ya kazi, mimi sikuitunga. Lakini kulikuwa na watu labda 60 wakati huo, na wote waliona nikichuchumaa, natia kidole kwenye tundu la jiwe, naligonga kwa kijiti cha mama mawese, halafu naweka sikio.

"Anaongea nalo," mtu akanong'ona.

"Limesema nini?"

Lilisema *tup*. Lakini jiwe lililoshiba maji na mafuta husema *tup* hata likiwa zima, kwa hiyo nikaligonga tena. Na tena. Ndipo mtu akatoa simu.

Mengine ni mafupi. Mzee wa bucha alifika akihema, akaeleza watu mimi ni nani, akadai kisu chake. Akakijaribu kwenye nywele za mkono wake, akanyamaza, akanilipa nusu kwa sababu ngozi haikupigwa. Mama mawese alitaka dola 15, tukaelewana 10 na kumnolea visu mwaka mzima, ingawa sijui kwa jiwe gani. Kijana wa korali nimemwomba msamaha mara mbili, bado anavuka barabara akiniona. Jiwe nimelisugua kwa sabuni mara 6. Vitundu vyake vimezibwa na mafuta, maji hayaliingii tena, kisu kinateleza juu yake, na ukipiga pedali kwa bidii linanukia makemba, ndizi za kukaanga. Mama mawese amelichukua, linakandamiza turubai lake upepo ukija.

Yaya wa matairi alikuja jioni, kacheka mpaka kakaa chini. Ufunguo wa 19 amerudisha.

Nati ndiyo bado sijaiona. Ukishuka kuelekea sokoni, angalia mtaro wa kulia, baada ya kibanda cha mkaa. Ina grisi nyingi.