Cranes na Afcon: tunalilia fainali ya 1978, au mfululizo uliokatika?

Tangu Uganda itolewe hatua ya makundi ya Afcon, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Morocco mwezi Desemba 2025, ubishi wa miaka nenda rudi umefufuka, kuanzia Jinja na Busia hadi Mutukula, mpakani na Tanzania. Mutukula ndiko uliko mkali zaidi, maana tulitoka sare ya 1-1 na Taifa Stars, kisha mtani akasonga mbele kwa pointi mbili tu huku sisi tukirudi na moja. Kuna wanaosema Cranes, timu yetu ya taifa, wameporomoka: timu iliyocheza fainali mwaka 1978 leo haivuki kundi. Wengine wanajibu kwamba fainali ile ilikuwa ya zama zake, na si haki vijana wa leo wapimwe kwa mafanikio ya babu zao.

Hesabu yenyewe haifurahishi. Uganda imeshiriki Kombe la Mataifa ya Afrika mara 8: 1962, 1968, 1974, 1976, 1978, 2017, 2019 na 2025. Katika mechi 26 imeshinda 4. Tatu kati ya hizo zilipatikana ndani ya mashindano mamoja, Ghana mwezi Machi 1978, na ya nne ni ile ya 2-0 dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2019. (Wapo wanaojivunia nafasi ya nne ya 1962 kule Addis Ababa. Timu zilikuwa nne.)

Wanaoitetea 1978 wana hoja nzito. Cranes waliifunga Kongo (Brazzaville) 3-1, wakaichapa Morocco 3-0, na Morocco hiyo ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi. Nusu fainali wakaitoa Nigeria 2-1. Philip Omondi alimaliza na mabao matatu, akawa miongoni mwa wafungaji bora. Timu pekee iliyowasumbua kwenye kundi, Tunisia iliyowafunga 3-1, ilikwenda Kombe la Dunia mwaka huohuo na kuifunga Mexico. Fainalini, mabao mawili ya Opoku Afriyie yalilibakiza kombe kwa wenyeji. Hapo sioni bahati.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Mwaka 1978 timu zilikuwa 8. Misri, Algeria, Cameroon na Ivory Coast hazikuwepo, na ushindi wa mechi mbili za kundi ulitosha kukufikisha nusu fainali. Mwaka 2019, chini ya kocha Sébastien Desabre, Uganda ilivuka kundi kwenye mashindano ya timu 24 na kutolewa na Senegal kwa bao moja la Sadio Mané, Senegal iliyokwenda hadi fainali. Wapo wanaoona kikosi kile cha Emmanuel Okwi na Denis Onyango kilikuwa sawa na cha Omondi na nahodha Jimmy Kirunda.

Ila hoja ya wingi wa timu inakata pande zote mbili. Timu zikiwa 24, hata wa tatu kwenye kundi anaweza kupita, kama Tanzania ilivyopita. Kupata nafasi kati ya 8 ilikuwa shughuli pevu, na Uganda iliipata mara tatu mfululizo: 1974, 1976 na 1978. Kwangu mimi hilo ndilo la kulilia. Fainali huja na kupita. Kufuzu mara tatu bila kukosa ni ushahidi kwamba nyuma ya timu kulikuwa na kitu. Simba FC, klabu ya jeshi, ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972, na ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati (CECAFA) ulikuja 1973, 1976 na 1977.

Tusiipambe enzi ile, hata hivyo. Utawala uleule wa Idi Amin uliokuwa na klabu za jeshi ulikuja kuifungia klabu ya Express mwaka 1977. Vita vya 1978 na 1979 vilipofika, mpira ulikuwa jambo la mwisho mtu kuliwazia.

Baada ya hapo vipaji havikufa. SC Villa ilicheza fainali ya klabu bingwa Afrika 1991, na Cranes wameendelea kutamba mbele ya majirani hadi kufikisha mataji 15 ya CECAFA. Kilichokosekana ni kumaliza kazi kwenye mchujo wa bara. Oktoba 2011 tulihitaji ushindi dhidi ya Kenya pale uwanja wetu wa Namboole, tukaambulia 0-0. Mwaka uliofuata Zambia, bingwa wa Afrika, ikatutoa kwa penalti palepale. Bao la Farouk Miya dhidi ya Comoros mwaka 2016 likavunja ukame wa kufuzu, kisha Machi 2021 tukaenda Blantyre na kufungwa 1-0 na Malawi.

Kesi inayonikera zaidi ni ya mchujo wa Afcon ya 2023. Namboole haikuwa na kibali cha CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa hiyo mechi mbili za "nyumbani" tulizicheza Misri na Cameroon. Tanzania ikatufunga 1-0 Ismailia, na siku nne baadaye tukaifunga 1-0 Dar es Salaam, mbele ya watu wao. Tanzania ilimaliza na pointi 8, Uganda 7. Sare tu ya Ismailia ingetupeleka sisi. Anayesema vijana hawana uwezo aangalie matokeo ya Dar es Salaam, na anayedai tumeonewa ajiulize nani alikuwa na jukumu la kuutayarisha uwanja.

Namboole imekarabatiwa, na mwaka 2027 Uganda ni mwenyeji mwenza pamoja na Kenya na Tanzania. Hata tukifika nusu fainali mbele ya mashabiki wetu, swali la mfululizo halitajibiwa, kwa sababu mwenyeji hapimwi na mchujo. Jibu litaanza kuonekana kwenye safari za kuitafuta Afcon ya 2028. CAF imeshatangaza kwamba baada ya hiyo mashindano yatakuwa kila baada ya miaka minne, na anayekosa mara moja atasubiri sana.