Kitovu kikitangulia, dakika ni chache
Makala niliyosoma ya uzazi imeeleza vizuri kitovu kujizungusha shingoni mwa mtoto, ila hicho mara nyingi mkunga hukivusha tu kichwani na mtoto analia. Cha kutisha ni kitovu kutangulia: chupa ya maji ya uzazi inapasuka kichwa cha mtoto kikiwa bado juu, kitovu kinateleza chini, kichwa kinakibana, oksijeni inakatika. Yalimkuta mke wangu tukiwa kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Nesi (Mungu amlipe) alimpigisha magoti, kifua chini, makalio juu, akaingiza mkono ukeni kukizuia kichwa kisikibane kitovu. Mtumbwi wa injini hadi Bugolora, kisiwa cha Ukerewe, gari hadi hospitali Nansio, mkono hajautoa mpaka chumba cha upasuaji! Mtoto yuko darasa la pili, mtundu balaa. Wenye mapacha au mtoto aliyetanguliza makalio, hatari hii kwenu ni kubwa zaidi, vukeni mapema mkae karibu na hospitali jamani.