Alama zilezile, maradhi tofauti: nani mwenye sonona apelekwe kwa bingwa mapema?

Watu wawili wanajaza dodoso la sonona asubuhi moja, na wote wanapata alama 16. Wa kwanza alifiwa na mkewe miezi minne iliyopita. Hapati usingizi, chakula anakila kwa kujilazimisha, lakini dada yake humjia kila jioni, na akiulizwa kuhusu wiki ijayo hutaja mambo mawili matatu anayotaka kuyafanya. Wa pili ni kijana wa miaka 24. Naye hapati usingizi, naye hamu ya chakula imekwisha. Mwaka jana alikaa wiki mbili akilala saa tatu tu kwa usiku bila kuchoka, akiongea bila kituo, akimwaga pesa za mkopo kwenye mipango minne ambayo leo hataki hata kuitaja. Hakuna aliyemuuliza habari hizo, na karatasi haina swali hilo. Wote wawili wanaondoka na dawa ileile na tarehe ileile ya kurudi.

Nimewatunga, lakini aliyewahi kukaa upande wowote wa meza ya kliniki anawajua. Hata lugha haitusaidii sana: sonona wengine huiita unyogovu, na wengi zaidi husema tu "nina msongo wa mawazo", neno wanalolitumia mtu aliyechoshwa na kazi na mtu ambaye hajala kwa siku tatu.

Karatasi waliyojaza inaitwa PHQ-9. Ilianza kutumika sana baada ya utafiti wa mwaka 2001. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ikiwa 27. Kwa kawaida alama 10 ndiyo mpaka wa kushuku sonona, na 20 kwenda juu huhesabiwa kuwa kali. Ni chombo kizuri. Kinajazwa kwa dakika chache, hakihitaji bingwa, na kinaonyesha kama mgonjwa anapata nafuu au la. Ila kinapima uzito wa mzigo leo. Hakisemi mzigo wenyewe ni wa nini.

Hapo ndipo mjadala unapoanzia. Kwa miaka mingi utaratibu uliopendekezwa umekuwa wa ngazi: mgonjwa aanze na tiba nyepesi iliyo karibu, isipomfaa apande ngazi inayofuata, na bingwa awe juu kabisa. Uingereza ilijenga mpango mzima wa tiba ya mazungumzo juu ya wazo hilo kuanzia 2008. Hoja yake si dhaifu hata kidogo. Watu wengi wenye sonona hupona bila kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na mabingwa hawatoshi popote. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, nchi maskini zina watumishi wa afya ya akili wasiofika wawili kwa kila watu 100,000, ilhali tajiri zina zaidi ya 60.

Tatizo la ngazi ni muda. Dawa ya sonona huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhukumiwa. Jaribu mbili, ongeza na foleni ya katikati, miezi mitatu au minne imekwisha. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000, ulionyesha kwamba karibu theluthi moja walipona kwa dawa ya kwanza, lakini waliofika hatua ya tatu na ya nne walipona kama mmoja kati ya wanane hivi. Jumla ya waliopona katika hatua zote imezua ubishi hadi leo, na uchambuzi mpya wa 2023 uliishusha sana. Ubishi huo haugusi jambo hili: kila ngazi inayoshindwa humwacha mtu na matumaini pungufu kwa ngazi inayofuata, na wengine hawarudi tena.

Kwa hiyo wapo wanaosema tuwapange wagonjwa tangu siku ya kwanza. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 951, ambapo programu ya kompyuta ilitumia taarifa za mwanzo, zikiwemo ukali wa dalili, hali ya ajira na tabia za mtu, kuamua nani aruke ngazi ya chini na kwenda moja kwa moja kwenye tiba nzito. Waliopata nafuu ya uhakika walikuwa asilimia 52 kwa waliopangwa mapema, dhidi ya 45 kwa waliopandishwa ngazi kwa kawaida, kwa nyongeza ya pauni 100 hivi kwa kila mgonjwa. Watu saba zaidi katika kila mia si haba. Ila wapenzi wa kompyuta wasome na upande wa pili wa hesabu hiyo: hata baada ya kupangwa, karibu nusu hawakuifikia nafuu hiyo.

Wapinzani wa kupanga mapema wana hoja mbili ambazo naziheshimu. Ya kwanza ni kwamba binadamu hatabiriki. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 365 za miaka 50 kuhusu nani atajaribu kujiua, wakakuta kwamba uwezo wa kutabiri ulizidi kubahatisha kwa kiasi kidogo tu. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa 2022 kuhusu watu wanaojidhuru unakataza kutumia alama za hatari kutabiri nani atajiua au kuamua nani apewe tiba. Ya pili ni foleni. Uchambuzi wa 2009 uliojumlisha wagonjwa zaidi ya 50,000 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wanaomwona daktari wa kawaida, pale ambapo 20 wana sonona, 10 hutambuliwa, 10 hupitwa, na 15 wasio nayo huambiwa wanayo. Wapeleke wote hao kwa bingwa, na yule anayemhitaji kweli atakaa nyuma yao.

Nikizipima pande zote mbili, naona zinabishania kiasi: alama ngapi, hatari kubwa vipi. Aina ya ugonjwa inasahaulika. Yapo mambo yasiyohitaji utabiri kwa sababu yameshatokea au yapo mbele yetu sasa hivi. Mtu anasikia sauti zinazomtukana. Anaamini ametenda dhambi isiyosameheka, au kwamba viungo vyake vya ndani vimeoza. Ameacha kula na kunywa. Ana mpango wa kujiua. Amejifungua siku chache zilizopita na akili imevurugika. Ametumia dawa mbili kwa dozi na muda unaostahili bila nafuu. Au amewahi kupandwa na furaha isiyo ya kawaida, kama kijana wetu. Hawa wasipandishwe ngazi yoyote. Waandikiwe rufaa siku hiyohiyo, na baadhi yao wasirudi nyumbani kwanza.

Hilo la mwisho ndilo hupita kimya kuliko yote. Ugonjwa wa baipola, ambamo hisia hupanda na kushuka, mara nyingi huanza kwa upande wa kushuka, na kwa mtu huyo dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha upande wa pili. Mgonjwa mwenyewe hatakwambia. Siku zile alijiona mzima kuliko wakati wowote maishani, nani huenda kwa daktari kulalamikia afya njema? Ukimuuliza, "Umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo ulizolala kidogo sana na bado ukawa na nguvu?" anaweza kusema hapana. Ni mama yake, aliyekaa kwenye benchi nje, ndiye anayekumbuka.

Swali la 9 la dodoso nalo lina mkasa wake. Linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na mhudumu aliyechoka hulisoma macho yakiwa kwenye karatasi, kwa sauti inayoomba jibu la hapana. Mgonjwa hulitoa: "Hapana... labda mara mojamoja." Kalamu inaandika sifuri. "Mara mojamoja" ndilo lilikuwa jibu. Hofu ya kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo hilo haina msingi katika tafiti, na wengi hupumua wanapoulizwa wazi.

Wanaobaki ni kundi kubwa la katikati, lisilo na dalili hizo lakini lenye historia nzito: vipindi vitatu vya sonona, utoto wa mateso, pombe, maumivu ya kudumu. Hapa nakubali waanzie karibu, kwa sharti moja: tarehe ya kupimwa tena iandikwe siku ya kwanza, pamoja na kitakachofanyika kama alama hazijashuka. Bingwa naye si lazima amwone kila mtu. Jaribio la Marekani la 2002 kwa wazee 1,801 lilimpa kila mgonjwa mhudumu wa kumfuatilia, huku bingwa akiipitia orodha mara kwa mara na kushauri. Baada ya mwaka, asilimia 45 walikuwa wamepungukiwa na angalau nusu ya dalili, dhidi ya 19 waliopata huduma ya kawaida. Sioni kwa nini rufaa iendelee kumaanisha mgonjwa kusafiri, wakati faili lake lingeweza kutangulia.

Wiki tano zimepita, kijana wa miaka 24 anarudi kwenye tarehe yake. Amevaa vizuri, anasalimia kila mtu kwenye foleni, anajaza dodoso kwa nusu dakika. Alama 2. Mhudumu anatabasamu, anaandika "maendeleo mazuri, aendelee na dawa", anaita anayefuata. Mlangoni amesimama mama, mkoba kifuani, anauliza kama anaweza kusema neno moja.