Picha zetu za mahakamani ni za korido

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana picha moja tu ya mahakamani. Ameinama, pingu mkononi, fulana ameivuta kutoka shingoni afunike uso, nyuma yake karandinga. Ilitoka ukurasa wa mbele wa gazeti siku aliyosomewa mashtaka na wenzake wanne wa kazini. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye hakimu alisema hana kesi ya kujibu, akarudi nyumbani. Picha haikurudi. Mpaka leo inazunguka kwenye simu za watu, na kila anapoomba kazi kuna mtu ameshaiona.

Mimi nipo New Jersey tangu 2008. Watu wa nyumbani huniuliza huku kuna nini cha kuiga, nami huwa nasita, kwa kuwa mengi ya huku siyatamani. Hili moja nalitamani sana: mchoro wa kesi, unaochorwa ndani ya chumba cha mahakama.

Oktoba 2010 nilipanda treni kwenda Manhattan, kwenye mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, iliyopo mtaa wa Pearl. Aliyekuwa akishtakiwa ni Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari, kwa milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Ijumaa ile ya Agosti 7, 1998 nilikuwa dukani kwa baba, Kinondoni, vioo vya kabati vikatikisika na soda zikagongana. Watu 224 walikufa siku hiyo, 11 kati yao kwetu Dar. Nilitaka kumwona mtu huyo kwa macho yangu. Mlangoni walichukua simu yangu. Kamera haiingii kabisa.

Nilikaa nyuma ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa na ubao mapajani, sanduku la chaki laini za rangi na darubini ndogo. Vidole vyake vilikuwa vimejaa vumbi la chaki. Nilikwenda kumtazama Ghailani, nikajikuta namtazama yeye. Aliangalia kwanza, muda mrefu, kama fundi cherehani anavyomkadiria mtu kabla hajatoa futi. Kisha mkono ukaenda haraka: bega la mshtakiwa, kola ya shati, wakili aliyemwinamia kumnong'oneza, jaji juu kwenye kiti chake. Wananchi 12 wa jopo la kuamua kesi aliwaacha bila nyuso, duara na nywele basi, maana hawatakiwi kutambulika. Shauri lilipoahirishwa alitoka mbiombio, akabandika karatasi ukutani nje, na kamera za televisheni zote zikasogea kuupiga ule mchoro.

Jioni mama alinipigia kutoka Dar. Ameuona kwenye taarifa ya habari. Akaniuliza, "Hivi ndivyo alivyokaa?" Nikamwambia ndiyo mama, ndivyo alivyokaa.

Novemba 17 jopo lilimwona hana hatia katika mashtaka 284, likamtia hatiani kwa shtaka moja tu kati ya yote 285. Januari 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kabla yake, 2001, wanaume wanne walihukumiwa mjini humo humo kwa milipuko hiyo hiyo, akiwemo Mzanzibari mwingine, Khalfan Khamis Mohamed. Kesi zilizotugusa sisi kuliko karibu kesi nyingine yoyote ya nje, na kilichotuonyesha mle ndani ni chaki ya rangi.

Sababu ya kamera kufukuzwa ilianzia jimboni humu ninamoishi. Mwaka 1935, katika mji mdogo wa Flemington, alishtakiwa Bruno Hauptmann kwa kumteka na kumuua mtoto mdogo wa rubani Charles Lindbergh. Wapiga picha walijaa mpaka mahakama ikawa kama uwanja wa mpira. Baada ya fujo hiyo chama cha mawakili cha Marekani kikataka kamera zitoke, na tangu 1946 kanuni inazikataza katika kesi za jinai za mahakama za shirikisho. Mahakama za majimbo zilikuja kulegeza, ndiyo maana kesi ya mauaji ya O. J. Simpson, mchezaji maarufu, ya 1995 dunia nzima iliitazama moja kwa moja. Uingereza walikaza zaidi: sheria ya 1925 inakataza hata kuchora ukiwa ndani ya chumba cha mahakama. Mchoraji wa London anakaa, anatazama, anaandika vidokezo, kisha anatoka na kuchora kutoka kichwani.

Kuna mchoro mmoja ninaourudia mara nyingi. Chicago, Oktoba 1969, Jaji Julius Hoffman aliamuru Bobby Seale, mwenyekiti wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, afungwe kwenye kiti na kuzibwa mdomo kwa sababu hakuacha kudai haki yake ya kuwa na wakili aliyemtaka au kujitetea mwenyewe. Kamera hazikuwemo. Howard Brodie alikuwemo, na alichora. Mtu mweusi, kitambaa mdomoni, macho wazi, mbele ya jaji, katika nchi inayojisifu kwa sheria zake. Mahakama ikiwa na lolote la kuficha siku ile, penseli ilifichua. Sasa Maktaba ya Bunge kule Washington imehifadhi zaidi ya michoro 10,000 ya mahakamani, na mtoto wa shule anaweza kwenda kuitazama.

Sasa niambieni tuna nini sisi. Tuna korido. Tuna karandinga likirudi kinyumenyume, kanga juu ya vichwa, askari akimsukuma mtu, mpiga picha akikimbia pembeni. Hiyo ndiyo kumbukumbu yetu. Mle ndani, ambamo shahidi anababaika na wakili anamkamata kwa neno moja, hatuna picha. Tunapiga picha aibu ya mtu, tunaiacha kesi yake.

Mwaka 1970 Bibi Titi Mohamed alisimamishwa kizimbani Dar es Salaam kwa uhaini, mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Mama huyu alihutubia mikutano ya TANU bega kwa bega na Mwalimu. Alihukumiwa kifungo cha maisha 1971, akasamehewa 1972. Picha zake za jukwaani nimezitazama nyingi, mkono juu, umati mbele yake. Picha yake akiwa kizimbani sijawahi kuiona. Alikaa vipi? Alimtazama nani usoni shahidi alipokuwa akisema? Hili linaniuma kweli, kwa sababu waliokuwemo mle wanatutoka mmoja mmoja.

Nisiwanyime nyumbani Afrika Mashariki sifa yao. Septemba 1, 2017 niliamka alfajiri nikamwona Jaji Mkuu David Maraga, moja kwa moja kwenye simu, akisoma uamuzi wa kufuta uchaguzi wa rais wa Kenya. Mahakama ya Juu ya Marekani haijawahi kuruhusu kamera kwenye vikao vyake hata siku moja. Hapo Kenya imewaacha mbali. Na huku nako polisi huwatembeza watuhumiwa mbele ya wapiga picha kabla hata ya mashtaka kusomwa, jambo la aibu ile ile ya karandinga letu.

Wengine husema mchoro unadanganya, mkono wa mtu haulingani na lenzi. Ni kweli unaweza kukosea. Mwaka 2015 Jane Rosenberg, mchoraji mzoefu wa New York, alimchora Tom Brady, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, vibaya mpaka watu wakamzomea nchi nzima, akaomba radhi. Lakini picha ya kaka yangu haikukosea hata unyoya wa kope, na bado ilisema uongo. Ilisema mwizi.

Wachoraji tunao. Pale Dar kuna vijana wanaokuchora kwa penseli kutoka picha ya pasipoti, wakakutoa mpaka kovu la utotoni. Magazeti yana wachora katuni ambao rais mwenyewe huwangojea asubuhi. Mmoja wao apewe kiti safu ya mbele, karatasi, na kibali cha jaji, kwenye kesi kubwa itakayofuata. Mashahidi watoto na waathirika wa ubakaji awaache bila nyuso, kama yule mama alivyowaacha wale 12. Gharama yake ni boksi la chaki.

Wiki iliyopita nilimpigia kaka nikamuuliza siku ile ya kuachiwa ilikuwaje. Alisema hakimu alivua miwani kabla ya kusoma sentensi ya mwisho. Mama mkubwa alikaa chini sakafuni, kanga ikamtoka begani, karani akamsaidia kuinuka. Askari aliyemfungua pingu alimwambia pole mzee. Koridoni hapakuwa na mpiga picha hata mmoja.