Kabla ya Kufukia Mabaki ya Ndege

Ndege ya kumwaga mbolea huruka katika hali ambayo rubani wa abiria angeikataa katakata: kiwanja kifupi juu ya kilima, tangi lililojaa, na safari zinazorudiwa mara nyingi kwa siku. Ndege ikikataa kupanda, tegemeo la rubani ni mpini mmoja. Akiuvuta, mlango wa chini ya tangi hufunguka na mzigo ukabwagwa kwa sekunde chache.

Mpini huo hunijia akilini kila niisomapo ajali ya Fox Glacier, New Zealand. Tarehe 4 Septemba 2010, ndege aina ya Fletcher FU24, ambayo awali ilikuwa ya mbolea kabla ya kugeuzwa kubeba waruka kwa parachuti, ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Watu wote 9 walikufa. Abiria walikuwa wameketi sakafuni bila mikanda, na mzigo wa namna hiyo hakuna mpini wa kuubwaga.

Ripoti ya tume ya uchunguzi ya mwaka 2012 ililaumu mizania: uzito ulielemea nyuma, kitovu chake kikapita kikomo kwa sentimita 12 hivi. Jumla ya uzito ilizidi kwa kilo 17 tu, nayo ilikuwa pungufu kwa kilo 242 ya kiwango ambacho ndege hiyohiyo iliruhusiwa kubeba enzi zake za mbolea. Hesabu hiyo siidharau. Linalonikera ni kwamba mabaki yalifukiwa siku chache tu baada ya ajali, hata aliyetaka kujua kama usukani ulikatika hewani au ulivunjwa na kishindo akapata shida kuikagua chuma yenyewe. Baada ya malalamiko mengi, tume yenyewe ilirudi nyuma na kusema kuwa haielekei mizania peke yake ndiyo iliyoiangusha ndege.

Kwa maoni yangu, uzito huwa mshukiwa mwepesi kwa sababu huweza kukokotolewa mezani hata chuma kikiwa kimekwisha kuzikwa. Katika ajali za ndege za mashambani kishawishi hicho ni kikubwa zaidi, kwani rubani huwa peke yake, shamba liko mbali, na shahidi pengine ni dereva wa gari la kupakia mbolea. Kabla trekta halijayaburura mabaki hayo pembeni, mtu apige magoti penye tangi atazame: mlango ulikuwa wazi, au ulikuwa umefungwa?