Darasa la mtandaoni linalipiwa mara mbili

Tangu vyuo vikuu vya Kenya vifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya mtandaoni hayajaondoka. Madarasa yalifunguliwa tena, lakini katika vyuo vingi yale masomo ya pamoja yanayochukuliwa na mamia ya wanafunzi yalibaki kwenye Zoom na Google Meet. Agosti 2023 serikali ikakipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kule Konza, ambacho hufundisha kwa mtandao. Mimi sipingi. Muuguzi aliyeajiriwa Lodwar hawezi kuacha kazi na watoto akakae Nairobi miaka minne, naye ana haki ya digrii. Ninachokataa ni kwamba gharama ya darasa imetolewa chuoni ikapelekwa nyumbani kwa mwanafunzi, na karo imebaki pale pale.

Ukumbini, chuo ndicho kinacholipia umeme, viti na projekta. Mtandaoni, mwanafunzi ndiye anayenunua bando, anayelipia kuchaji simu dukani ikiwa kwao hakuna stima, anayetafuta mahali penye kimya. Mhadhara wa video wa saa moja hula megabaiti mia kadhaa, na picha ikiwa ya ubora wa juu unaweza kufika gigabaiti moja au kuzidi. Mhadhara huo huo ukirekodiwa sauti tupu unaweza usizidi megabaiti 30. Zidisha kwa masomo sita, kila wiki, muhula mzima, halafu uniambie mzazi anayeuza mboga atatoa wapi pesa hizo.

Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa, nilikuwa nyumbani Kinango, kaunti ya Kwale. Mtandao wa kueleweka ulipatikana barazani kwa duka la M-Pesa, basi wanafunzi wa vyuo mbalimbali tulikutana hapo, tukigawiana bando la aliyejaliwa siku hiyo. Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40. Mhadhiri anatuma linki nyingine, watu wanaingia upya, majina yanaitwa tena. Mwenzangu aliitwa akajibu "Nipo, mwalimu!" mara tatu, kwa sauti iliyowageuza wateja wa dukani. Simu yake ilikuwa imeganda. Akaandikwa hayupo. Zikaja siku nyingine kama hiyo, na muhula ulipokwisha akazuiwa kufanya mtihani kwa kuwa mahudhurio yake hayakufika theluthi mbili. Alikuwa amekaa pale kwenye baraza kila siku ya somo, nami nilimwona.

Wasichana walibeba zaidi. Mtoto wa kike akiwa nyumbani mchana na simu mkononi, machoni pa watu hana kazi. "Mwanangu, weka hiyo simu ukateke maji, jua linawaka." Mama hana kosa, maana hakuna aliyemletea ratiba. Basi binti anasikiliza takwimu kwa sikio moja huku akisonga sima, na maswali yake anayaahirisha hadi usiku, wakati mhadhiri ameshalala.

KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya, na kampuni za simu walileta bando nafuu za wanafunzi, na nawashukuru. Ila bando nafuu halisimamishi mnara mahali usipokuwapo. Afrika Kusini serikali ilikwenda mbali zaidi mwaka 2020: wanafunzi wa vyuo vya umma walipangiwa gigabaiti 30 kwa mwezi, 10 za mchana na 20 za usiku. Hata hapo, mgao wa usiku unamtaka mtu akeshe ndipo asome. Funzo kubwa zaidi naliona kwa jirani zetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianza na masomo yaliyochapishwa na vituo vya mikoani. Kwa utaratibu huo, mtandao ukikatika, mwanafunzi bado ana kitu mkononi cha kusoma, na ana mahali pa kwenda kuuliza.

Masomo ya maabara na karakana siyagusi sana. Huwezi kumfundisha mtu kuchomelea chuma kwa video, na chuo kinachojaribu kinajua hivyo.

Kwa masomo mengine njia ipo na si ghali. Tulikuwa na mhadhiri mmoja aliyetutumia WhatsApp sauti ya dakika 20 na kurasa mbili za PDF kila Jumatatu asubuhi, kisha Alhamisi jioni akajibu maswali kwa maandishi. Somo lake ndilo tulilolielewa kuliko yote, na lilikula bando dogo kabisa. Vyuo viufanye huo kuwa utaratibu wa kwanza, video ya moja kwa moja iwe nyongeza kwa wanaoiweza. Mahudhurio yahesabiwe kwa kazi ambayo mwanafunzi ameiwasilisha ndani ya wiki. Na chuo kinachoendesha somo zima mtandaoni kitoe bando, au kipunguze karo ya somo hilo, kabla ya muhula kuanza.